Hadubini ya mafundi simu kwa kutafuta visukuku vya bahari: inafaa au ni kupoteza hela?

Wakuu habari zenu. Haya ni mapitio ya ile hadubini ya macho mawili yenye tundu la tatu la kamera, ile ile ambayo mafundi simu wa Kariakoo wanaiinamia kutwa nzima wakibadilisha aisii (zile chipu za kwenye bodi ya simu), tofauti ni kwamba mimi sichomei chochote, naitumia kutafuta visukuku vya baharini ambavyo ukiviangalia kwa macho matupu unaona vumbi tu. Kama wewe ni fundi na umekuja kuangalia kama mashine inafaa kwa bodi, ruka hadi kwenye habari za lenzi na kamera, mengine yatakuboa. Waliobaki karibuni.

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye bando la mawazo asihangaike kusoma hadi chini. Kwa kutafuta na kuokota hivi vidude inatosha, tena inatosha kuliko bei yake inavyoonyesha. Kwa kuvitambua hadi jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) inatosha pia, ila lazima uitupe ile taa waliyokupa au uifanyie ujanja. Kwa kutambua hadi spishi hapo ni wewe na uvumilivu wako na kisukuku chenyewe kimehifadhiwaje, na mara nyingi tu jibu litakuwa hapana na litabaki hapana. Yaliyoandikwa kwenye boksi kuhusu megapikseli yaacheni hapo hapo kwenye boksi.

Kwa ambaye hajui nazungumzia nini: foraminifera (mimi naziita foramu, jina refu linachosha vidole) ni viumbe wa baharini wa seli moja, mmoja mmoja, na huyo wa seli moja anajijengea nyumba yenye vyumba, wengi wao kwa chokaa. Anavyokua anaongeza chumba, kingine kikubwa zaidi, kingine tena, mara nyingi kwa mzunguko. Akifa nyumba inabaki kwenye tope la chini ya bahari. Nyingi zina ukubwa chini ya milimita moja, nusu milimita tayari ni jitu la kupendeza. Kuna zinazoelea kwenye maji ya juu, za leo zilizo hai ni spishi kama hamsini hivi, na kuna zinazokaa chini kwenye mchanga na majani ya bahari, hizo ni maelfu. Mwaka 1826 Mfaransa Alcide d'Orbigny alilipa kundi hili jina akidhani ni ndugu wa pweza na ngisi, kisa vile vyumba, hadi 1835 Mfaransa mwenzake Félix Dujardin alipoonyesha kwamba ndani hamna pweza wala nini, ni seli moja. Ukiiona moja nzima chini ya lenzi utamsamehe d'Orbigny siku hiyo hiyo.

Sasa mtu atauliza, Mtanzania na foramu wapi na wapi. Ndugu zangu, Kilwa. Wanaosomea haya mambo duniani wanaijua Kilwa, na hawaijui kwa magofu. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na mradi unaitwa Tanzania Drilling Project, Paul Pearson, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, na wenzake pamoja na TPDC (shirika letu la petroli), wakachimba mashimo mafupi mengi kati ya Kilwa na Lindi, hawatafuti gesi, wanatafuta udongo. Ule udongo wa mfinyanzi wa huko ulikuwa tope la bahari, na kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, foramu zilizomo hazikuwahi kuoga kwenye maji ya chini ya ardhi yanayoyeyusha chokaa na kuijenga upya. Sehemu nyingine nyingi ukipata foramu ya umri huo inakuwa nyeupe, imefifia, ganda limebadilika kifuwele kwa kifuwele. Za Kilwa zinapitisha mwanga kama chemni ya taa ya mafuta iliyooshwa sasa hivi. Hiyo siyo urembo tu, maana wanaopima joto la bahari ya kale wanalipima kutoka kwenye kemia ya ganda lenyewe, sasa ganda likishabadilika unapima nini? Mwaka 2001 walitoa makala kwenye jarida la Nature wakitumia hizi za kwetu, kwamba bahari za tropiki zamani zile zilikuwa na joto kali kuliko ilivyokuwa inadhaniwa, na 2009 wakarudi tena Nature na hesabu za kaboni dioksidi ya wakati barafu inaanza kujaa Antaktika, kama miaka milioni 34 iliyopita, kwa foramu hizo hizo za kusini mwa Tanzania.

Na majina ya miamba sasa! Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande, hayo ndo majina rasmi ya matabaka ya kundi la Kilwa kwenye vitabu vya jiolojia. Mtu yuko Ujerumani anaandika "Nangurukuru" kwenye jedwali, wakati sisi tunaijua kama sehemu basi la Mtwara linaposimama ukanunua korosho. Kuna na Stakishari, siyo ile ya Ukonga, hii ya huko huko Kilwa, ambapo mashimo yao yalipita katikati ya mpaka wa Eosini na Oligosini (vipindi viwili vya kale vya dunia, mpaka wao ndo ile miaka milioni 34 iliyopita). Hiyo ni mada ya siku nyingine, turudi kwenye mashine.

Nilichonunua ni hadubini ya stereo, yaani ya macho mawili, yenye zumu ya 0.7 hadi 4.5, vioo vya macho WF10X/20, stendi ya nguzo yenye kitako kizito, taa ya duara ya LED na kamera ya HDMI, yote kwenye duka moja la vifaa vya mafundi ambalo sitalitaja. Haina jina la maana. Hizi hadubini zinatoka viwanda vya China zikiwa uchi, halafu kila muuzaji anazibandika stika yake, kwa hiyo usihangaike kuuliza "kampuni gani", uliza namba. Bei ilikuwa chini ya milioni kwa seti nzima baada ya kubishana, na kubishana ni lazima kwasababu bei ya kwanza wanayokutajia ni ya mtu aliyekuja na V8.

Namba zenyewe ni rahisi ila wauzaji wanazichanganya, wengine kwa kutojua wengine makusudi. Mara kumi ya macho zidisha na 0.7 hadi 4.5 unapata mara 7 hadi mara 45. Basi. Kwenye tangazo walikuwa wameandika "3.5X-90X" na yule kijana akawa anaapa kabisa kwamba ukizungusha hadi mwisho unafika tisini. Hufiki. Hiyo 3.5 inapatikana ukifunga lenzi ya nyongeza ya 0.5 kwa chini, na hiyo 90 ukifunga ya mara mbili, na kwenye boksi langu walinipa ya 0.5 tu. Mafundi wanaipenda hiyo ya 0.5 kwasababu inainua hadubini juu, unapata nafasi ya kupitisha soldagani na bloa bila kuunguza kioo. Kwa mtu wa foramu haina kazi, unajipunguzia ukuzaji wako mwenyewe. Ifungue, ifunge kwenye nailoni, weka kabatini. Bila hiyo unabaki na kama sentimita kumi kati ya lenzi na trei, ambayo ni nafasi tele ya kuingiza mkono na brashi.

Ile 20 kwenye WF10X/20 nayo ina maana yake na hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza. Ni upana wa unachokiona kwa milimita, unagawa kwa namba ya zumu. Ukiwa kwenye 0.7 unaona duara la karibu milimita 28, hapo ndo pa kutafutia. Ukifika 4.5 duara linabaki kama milimita nne na nusu, hapo foramu ya nusu milimita inakula kama sehemu moja ya tisa ya upana. Ndogo? Kidogo, ndio. Ila macho mawili yanakupa kina, unaona mdomo wa ganda umeingia ndani, unaona mwiba umeinuka, na hicho ndo kitu ambacho skrini haitakupa hata iwe kubwa kama ya sinema. Lenzi ya mara mbili nimekuja kuinunua baadaye kwa mtu mwingine na inasaidia kwenye kutambua, lakini inakubana, nafasi ya chini inabaki kama sentimita tatu hivi, brashi unaiingiza kwa ubavu kama mtu anapita dirishani, na ukifanya haraka unagonga kioo. Naifunga pale tu nimeshaokota tayari na kisukuku kimetulia kwenye kadi.

Kuhusu ukali wa picha: katikati ni safi kabisa, sikutegemea. Pembeni panafifia kidogo na kwenye ukuzaji wa juu unaona mstari wa zambarau kwenye kingo za vitu vyeupe. Nimewahi kukaa kwenye hadubini ya Leica ya maabara ya watu na tofauti ipo, hasa ukikaa masaa, macho hayachoki vile. Lakini bei ya ile ni gari, hii ni bei ya simu. Cha kukagua dukani kabla hujatoa hela ni kama macho yote mawili yanatazama sehemu moja. Weka noti ya elfu kumi chini, tafuta maandishi madogo, zumu juu na chini taratibu, ukiona picha zinaachana au kichwa kinaanza kuuma ndani ya dakika mbili, rudisha hiyo omba nyingine. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa hivyo, jamaa akaniambia "utazoea". Sizoei mimi, nikaletewa nyingine.

Pia angalia tundu la tatu ni la aina gani. Kuna zenye kitufe cha kuvuta, ukivuta ili kamera ione jicho moja linakuwa giza, na kuna zinazoonyesha vyote kwa pamoja, macho mawili na kamera. Chukua ya pili hata kama ni ghali kidogo.

Taa sasa. Taa ya duara inayokuja nayo ni janga kwa kazi hii, nasema hivyo kwa upendo. Fundi anataka mwanga utoke pande zote asione kivuli kwenye bodi, sisi kivuli ndo tunakitafuta! Foramu ukiimulika kutoka pande zote inakuwa kidonge cheupe bapa, huoni mishono kati ya vyumba, huoni mdomo, huoni chochote, na mtu anaweza kukata tamaa hapo akadhani hadubini ni mbovu. Dawa yake ni taa ya mezani ya shingo ndefu, LED nyeupe, iweke upande wa juu kushoto na uilaze chini kabisa ili mwanga upite kwa ubavu. Dunia nzima ya hawa watu picha zao mwanga unatoka juu kushoto, kwa hiyo ukifanya hivyo hata kulinganisha na picha za mtandaoni inakuwa rahisi. Kama huna taa nyingine, chukua soloteipu nyeusi ufunike robo tatu ya ile duara, nayo inafanya kazi, si nzuri ila inafanya. Ujanja mwingine wa wazoefu ni rangi ya chakula, ile ya keki, ya kijani. Tone dogo lililochanganywa na maji kwenye ncha ya brashi, unaigusa foramu, rangi inakimbilia kwenye mifereji na kwenye mdomo na ghafla unaona mpangilio wote. Inaoshwa ikishamaliza kazi.

Kamera waliandika 48MP. Kilichomo ndani ni sensa ndogo ya kawaida ya video na namba imevutwa kwa programu, unapata picha kubwa yenye taarifa zile zile. Kwa kuonyesha watu kwenye televisheni ni burudani, watoto wa jirani wanakuja kuangalia "wadudu wa mawe", lakini picha ya kuhifadhi napiga kwa simu kwenye kioo cha macho kwa kutumia kishikio cha plastiki na inatoka bora zaidi. Kama wanakubali kukuuzia bila kamera, nunua bila kamera, hiyo hela kanunulie lenzi ya mara mbili.

Halafu kuna ile hadubini ndogo ya USB ya umbo la kalamu nene, "1000X", ya elfu hamsini sitini. Kuna rafiki yangu anayo na nimeijaribu. Hiyo elfu moja haina msingi wowote, kwenye skrini kubwa picha inakuwa kubwa, hayo ndo maelezo yote. Unaweza kuona foramu kubwa, ndio, hata picha nzuri unapata. Kuokota huwezi. Picha inachelewa kidogo nyuma ya mkono wako, huna kina, unapeleka brashi unadhani umefika kumbe uko juu hewani, ukija kugusa unaikandamiza, na ganda la miaka milioni arobaini linasagika mbele yako kwenye skrini. Kwa mtoto wa shule anayeangalia mchanga, sawa. Kwa zaidi ya hapo weka hela pembeni mpaka zitimie.

Sampuli yangu kubwa nilipewa na mtu wa Kilwa Masoko aliyekuwa anachimbiwa kisima, udongo wa kijivu wa kwenda kijani uliotoka chini kabisa, ambao mafundi wa kisima walikuwa wanautukana kwasababu unanata kwenye chepeo. Huo wa chini ndo mzuri, wa juu ya ardhi umeshachakazwa na mvua na mizizi, ndo maana wale wa mradi walichimba badala ya kukwangua pembeni mwa barabara. (Na tafadhali, usiende shambani kwa mtu na jembe. Omba mwenye eneo, pita serikali ya kijiji, na kama unataka kufanya utafiti kamili fuata vibali.) Nikaukausha kwanza mpaka ukakauka kweli, kisha nikaloweka. Udongo uliokauka vizuri ukiingia kwenye maji unamomonyoka wenyewe, wenye maji maji unabaki donge. Ukigoma, chemsha na magadi soda kidogo, njia ya kizamani lakini ipo. Kitu kimoja usithubutu: siki wala ndimu. Kuna video zinafundisha kuosha visukuku kwa siki, ukifanya hivyo kwenye foramu utasikia inatoa povu na hilo povu ndo kisukuku chako kinaondoka.

Kuchekecha maabara wanatumia chekeche la chuma la maikroni 63, yaani 0.063 ya milimita, tope linapita foramu zinabaki. Bei yake inaumiza. Mimi nilienda kwa wachapa fulana nikanunua kitambaa cha skrini, ile nailoni laini kabisa ya kuchapia picha, nikaikaza kwenye bomba la plastiki nililolikata. Kipimo sio cha maabara ila kinakaribia na kinabeba. Osha kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu hadi yanayotoka chini yawe meupe kabisa, hapa watu wanakimbia, halafu wanakuja kulalamika kwamba foramu zao zina ukoko. Kingine, kati ya sampuli na sampuli chovya chekeche kwenye rangi ya methilini bluu. Ukikuta foramu ya bluu kwenye sampuli inayofuata unajua hiyo ni mabaki ya ile ya kwanza iliyong'ang'ania kwenye nyuzi. Bila hivyo unaweza kutangaza kwamba umepata foramu ya Zanzibar ndani ya kisima cha Kilwa.

Kausha, nyunyiza kidogo, narudia kidogo, kwenye trei nyeusi iliyochorwa mistari. Brashi ya rangi namba 000, lowesha ncha, nyonya maji yabaki unyevu tu, gusa, foramu inapanda yenyewe. Zangu nabandika kwenye kadi nyeusi kwa gundi ya maji iliyozimuliwa sana ili nikitaka kuigeuza naiamsha kwa tone la maji. Kuigeuza ni muhimu kuliko kuikuza, upande wa mzunguko, upande wa kitovu, na ubavu, bila hizo pande tatu usianze hata kubishana ni jenasi gani.

Sasa kutambua, na hapa nakagua huduma maana hadubini peke yake haikwambii jina. Ninayoitumia zaidi ni tovuti ya Mikrotax, ya bure kabisa, haikudai hata kujisajili. Sehemu yake ya foramu za kuelea inaenda kama ukoo, familia, jenasi, spishi, kila moja na picha na maelezo na, kitu ninachokipenda kuliko vyote, mstari wa muda unaoonyesha ilitokea lini na ikapotea lini. Mfano kutoka kadi yangu. Nilikuwa na moja imejikunja kwenye bapa moja, vyumba vitano kwenye mzunguko wa mwisho, na kila chumba kimebeba mwiba mmoja mrefu wenye uwazi ndani, miwili imevunjika na hapo pa kuvunjikia unaona kabisa tundu. Hiyo haina mpinzani, ni Hantkenina. Mikrotax inakwambia ilianza kama miaka milioni 49 iliyopita na ikaisha karibu milioni 34, tena kuisha kwake ndo alama rasmi ya mpaka wa Eosini na Oligosini, kipimo cha dunia kiko Massignano, Italia. Kwenye trei hiyo hiyo kuna nyingine zenye vyumba vya pembe kali na ngozi ya vijiba vijiba, nikazigeuza geuza, nikatia rangi ya keki, zikaangukia Morozovelloides, na hizo zilitoweka kama milioni 38. Kwa hiyo kisima cha mzee wa watu kimefika kwenye tope la kati ya milioni 49 na 38, Eosini ya kati, na tabaka linaloitwa Masoko ni la umri huo huo. Nilikaa nikacheka peke yangu. Nilivyompigia kumwambia akaniuliza maji yatakuwa na chumvi au hayatakuwa nayo.

Ukiwa humo tafuta pia Hantkenina singanoae. Imeitwa hivyo mwaka 2014 kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC aliyekuwa kwenye ule mradi wa uchimbaji. Ni ile ya mwanzo mwanzo kabisa, miiba bado haijakaa sawa, inaonyesha mnyororo wa jinsi Hantkenina ilivyotokea kwa mababu wasio na miiba. Sijaipata kwenye udongo wangu na sitegemei, ila jina la Mtanzania pale limenifanya niongeze bidii.

Sehemu hiyo ya Mikrotax ninayoitumia inahusu za kuelea tu. Ukiwa na mchanga wa ufukweni haitakufaa, maana ule umejaa wakazi wa chini. Mchanga mweupe wa Paje niliuweka chini ya hadubini hii hii na ni raha kuliko udongo, huoshi wala nini, unanyunyiza tu, vipande vya matumbawe, konokono wachanga, miiba ya urchini, na katikati foramu bapa za duara zenye pete pete ndani, nyingine zimevimba katikati zinang'aa kama umezipaka varnishi, hizo ni Amphistegina. Za kule kitaalamu sio visukuku, ni wafu wa juzi juzi. Kwa hizo napitia picha za foraminifera.eu, na jina nikilipata nalihakiki kwenye WoRMS (orodha ya dunia ya majina ya viumbe wa baharini) kama bado linatumika, kwasababu hawa watu wanabadilisha majina sana.

Tovuti nyingine ni Endless Forams, picha zaidi ya 34,000 za foramu za kuelea za leo zilizotambuliwa na wataalamu kadhaa kila moja. Ni ya za leo, kwa hiyo Eosini yangu haimo, ila kwa kufundisha jicho sijaona mfano wake. Unaona spishi moja picha mia na zaidi, kubwa, ndogo, iliyoinama, iliyotoboka, na unaelewa kwamba ile picha moja nzuri ya kitabuni ilikuwa inakudanganya. Ukikuta hata wataalamu wamegawanyika kura kwenye picha fulani, unalala vizuri. App za simu za "piga picha nikwambie ni nini" msinitajie, niliyoijaribu iliniambia Hantkenina ni ua.

Kama lengo lako ni vidogo zaidi, nano kabisa kama kokolithi (vigamba vya chokaa vya mwani wa baharini), hizo za maikroni chache, hadubini hii haitakuonyesha hata dalili, hizo zinataka ukuzaji wa mara elfu moja wa kweli na mwanga wa polaraizi, na Kilwa nazo zimejaa, tena spishi mpya zimeelezewa kutoka huko. Kuna na dayatomu na radiolaria, viumbe wengine wadogo wa seli moja: radiolaria kubwa unaziona kama vidoa vinavyong'aa lakini vimatundu vyake huvihesabu. Ostrakodi, vile vijidudu vyenye maganda mawili kama maharage, vinaonekana vizuri tu.

Matunzo kwa tunaokaa pwani: unyevu unaotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaingia fundi wa kuutoa ni wa kutafuta kwa tochi. Mfuniko wa nailoni wanaokupa usiutegemee, unafungia unyevu ndani. Mimi natoa vioo vya macho na lenzi ya chini usiku naweka kwenye kopo la plastiki lenye silika jeli, zile pakiti za kwenye viatu, ukiomba maduka ya viatu wanakupa nyingi. Skrubu ya kukaza kwenye nguzo ya stendi ililegea mapema, kichwa kikawa kinashuka chenyewe taratibu, nikabadilisha na ya dukani kwa vyuma, kazi imeisha. Taa ya duara na taa yangu ya mezani zote ni za USB zinakula powerbank, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea kuokota, kinachozima ni skrini ya kamera tu.